Gari la Spoti la Toleo Maalumu: Mnunuzi wa Pili Analipia Nini?

Mwaka 1998 Subaru ilitoa Impreza 22B STi. Kwa soko la Japani yalitengenezwa magari 400 tu, kila moja likiuzwa yeni milioni 5, na yote yakachukuliwa mara moja. Baadaye yakaongezwa 16 ya Uingereza na 5 ya Australia. Ukijumlisha na matatu ya majaribio unapata 424. Hesabu hiyo ndiyo kila muuzaji huanza nayo leo, na ndiyo inayowafanya watu watoe fedha za kununulia nyumba kwa gari ambalo ni ndugu wa Impreza tunazopishana nazo kila siku Nairobi na Dar es Salaam. Mimi nashikilia kwamba hesabu hiyo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote katika biashara hii. Uchache ulishauzwa na kiwanda kwa mnunuzi wa kwanza. Mnunuzi wa pili, wa tatu au wa kumi analipia kitu kingine: uthibitisho kwamba gari lililo mbele yake ndilo lenyewe, na kwamba vile vilivyolitofautisha na mengine bado vimo. Uthibitisho ukikosekana, bei ya haki ni ile ya gari la kawaida la umri wake, hata liwe linang'aa namna gani.

Tuanze na jinsi idadi za viwanda zilivyowahi kuwageuka walioziamini. Ferrari ilipoizindua F40 mwaka 1987, mpango ulikuwa magari takriban 400. Wanunuzi wakapanga foleni, kiwanda kikaiona foleni, na uzalishaji ulipofungwa mwaka 1992 yalikuwa yametoka zaidi ya 1,300. Jaguar nayo ilionyesha XJ220 mwaka 1988 kwa ahadi ya injini ya silinda 12 inayosukuma magurudumu yote manne. Walioweka amana walipoanza kukabidhiwa magari yao mwaka 1992 walikuta injini ya V6 yenye turbo mbili, nguvu ikienda nyuma tu, na bei imepanda mno kwa sababu mkataba uliifungamanisha na mfumuko wa bei. Uchumi wa Uingereza ulikuwa umeshadorora. Baadhi yao walikwenda mahakamani kutafuta njia ya kujitoa, na kiwanda hakikufikisha hata yale magari 350 yaliyokusudiwa. Mfano wa karibu zaidi ni Porsche 911 R ya mwaka 2016, iliyotolewa kwa idadi ya magari 991 yenye gia za mkono wakati ambapo ndugu yake, 911 GT3, ilikuwa na gia za kujiendesha tu. Waliobahatika kuipata waliiweka sokoni upesi kwa bei iliyozidi mara kadhaa ile ya dukani. Mwaka uliofuata Porsche ikarudisha gia za mkono kwenye GT3, ikatoa na toleo la Touring lisilo na bawa kubwa la nyuma, likashabihiana sana na 911 R. Bei za 911 R zikaporomoka. Idadi yake haikuongezeka hata kwa gari moja. Kilichobadilika ni kwamba mtu aliweza kuipata ladha ileile kwingineko.

Mtu anaweza kusema kwamba mifano hii inahusu viwanda visivyo na msimamo, na kwamba pale idadi inapoheshimiwa, uchache wenyewe unatosha. Jibu liko kwenye F40 hiyohiyo. Ipo zaidi ya 1,300, na bado iliyo safi huuzwa leo kwa zaidi ya dola milioni 2, ilhali matoleo mengi ya magari hamsini au mia, yaliyotofautishwa na rangi, nembo na ushonaji wa viti, hakuna anayeyakumbuka. Kinacholifanya gari litafutwe miaka thelathini baadaye ni jambo ambalo lilifanya na mengine hayakufanya. Kwa 22B jambo hilo ni mashindano. Subaru ilitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji katika mbio za magari mwaka 1995, 1996 na 1997, na 22B ilitolewa kuadhimisha ushindi huo pamoja na miaka 40 ya kampuni kutengeneza magari. Umbo lake linafuata la Impreza WRC97, gari la milango miwili ambalo dereva Colin McRae aliliendesha hadi ushindi wa Safari Rally ya mwaka 1997 katika barabara za Kenya, miaka mitatu baada ya Mkenya Patrick Njiru kumaliza wa nne katika Safari hiyo akiwa na Impreza. Kwa hiyo mapenzi ya gari hili hapa kwetu hayakuletwa na matangazo. Watu walisimama kando ya barabara wakaliona likipita.

Lakini historia nayo hutiwa chumvi na wanaouza. Utasikia mara nyingi kwamba 22B ililazimika kutengenezwa ili gari la mashindano liruhusiwe kushindana. Kwa magari ya zamani kidogo hilo lilikuwa kweli, kwani kanuni za Kundi A zilitaka kiwanda kitengeneze maelfu ya magari ya barabarani yanayofanana na lile la mbio. Kanuni za World Rally Car zilizoanza mwaka 1997 ziliondoa sharti hilo. 22B ni gari la kumbukumbu, na kulisema hivyo hakulipunguzii hadhi. Ila muuzaji anayekosea jambo ambalo limeandikwa kila mahali anamwambia mnunuzi kiasi gani cha maneno yake mengine kinahitaji kuhakikiwa.

Sasa tuingie kwenye gari lenyewe. 22B ina upana wa milimita 1,770, ambao ni milimita 80 zaidi ya Impreza ya kawaida ya wakati wake, na upana huo umetokana na fenda za chuma zilizotuna juu ya magurudumu. Injini yake ni EJ22G ya sentimita za ujazo 2,212, kubwa kuliko EJ20 ya lita 2 iliyo kwenye ndugu zake. Nguvu iliyotangazwa ilikuwa farasi 280, kwa vile viwanda vya Japani vilikuwa vimekubaliana kutotangaza zaidi ya hapo. Ina shokapu za Bilstein, rimu za BBS za inchi 17 zenye rangi ya dhahabu, klachi ya sahani mbili, na swichi ya dereva ya kurekebisha mgao wa nguvu kati ya mbele na nyuma. Vyote hivi vinaweza kung'olewa, na kwa gari lililopita mikono mitano au sita, ni jambo la kawaida baadhi yake kuwa vimeshang'olewa. Rimu ziliuzwa kando, shokapu zilibadilishwa zilipovuja, injini ilikufa ikawekwa EJ20 kwa sababu ndiyo inayopatikana. Gari linabaki na umbo lake na kibati chake cha namba ya toleo, na tangazo linaendelea kusema "moja kati ya 424".

Fenda za nyuma zinastahili muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu ndizo zinazobeba sura ya gari na ndizo zinazooza kwanza kwenye Impreza za kizazi hiki, hasa zilizoishi Uingereza au kaskazini ya Japani ambako barabara hutiwa chumvi wakati wa theluji. Fungua buti, toa zulia na kava za pembeni, umulike tochi upande wa ndani wa bati. Kiwandani mabati huunganishwa kwa nukta za kulehemu zilizopangana kwa nafasi karibu sawa, kisha maungio hupakwa mpira wa kuzibia, na kazi ya kushoto hufanana na ya kulia. Ukikuta nukta upande mmoja, na upande wa pili mshono mrefu uliosagwa kwa grenda na kupakwa rangi nyeusi kuufunika, upande huo umeshakatwa na kuunganishwa upya. Kisha chukua sumaku ndogo uifunge kwa kitambaa laini, uipitishe taratibu kutoka juu ya fenda hadi kwenye mkunjo wa chini. Ikishika vizuri juu na kulegea chini, pale pana puti nene. Isiposhika kabisa, fenda ni ya faiba: ama hilo ni Impreza nyingine iliyovalishwa, ama ni 22B iliyogongwa na kutengenezwa kwa gharama ndogo, na yote mawili yanabadilisha bei kwa kiasi kikubwa. Kipimo cha unene wa rangi hufanya kazi hii kwa usahihi zaidi, lakini sumaku na tochi hazimwachii mtu yeyote kisingizio.

Kibati chenye namba ya toleo ndicho wanunuzi hukimbilia kukipiga picha, na ndicho ushahidi dhaifu kuliko vyote. Kibati kinaweza kutolewa, na fundi wa kuchonga anaweza kutengeneza kingine. Namba inayopaswa kuongoza kila kitu ni ya chesisi, ile iliyogongwa kwenye ukuta wa bati unaotenganisha injini na abiria. Namba hiyo ilingane na ya kwenye kadi ya gari, ilingane na hati zote za nyuma, na herufi zake ziwe na kina kimoja, bila alama ya msasa kuzizunguka wala rangi iliyo tofauti na ya bati la jirani. Kuivalisha Impreza ya milango miwili bodi ya 22B ni kazi ya gereji yoyote yenye uzoefu, na wengi waliofanya hivyo walifanya kwa mapenzi wala hawakukusudia kumdanganya mtu. Udanganyifu huingia baadaye, gari linapofika kwa mmiliki wa tatu asiyejua, au asiyetaka kujua.

Kuhusu karatasi, msomaji wa Afrika Mashariki ana faida ambayo mnunuzi wa Ulaya hana. Tumezoea magari ya Japani kiasi kwamba hata kijana anayenunua gari lake la kwanza anajua kuisoma karatasi ya mnada: alama 4.5 ni gari safi, 3.5 lina mikwaruzo na uchakavu, R au RA ni gari lililowahi kutengenezwa baada ya kugongwa. Ujuzi huo unafaa hapa, ila inabidi uende hatua moja mbele. Kwa gari la kawaida alama ya jumla inatosha. Kwa toleo maalumu kinachohitajika ni ule mchoro wa gari ulio pembeni, unaoonyesha paneli ipi imebadilishwa, kwa kuwa R iliyotokana na nguzo ya mbele ya radieta na R iliyotokana na fenda ya nyuma ni hasara mbili tofauti kabisa. Gari lililoishi Uingereza nalo lina kumbukumbu za ukaguzi wa kila mwaka, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma mtandaoni bila malipo na kuona umbali uliotembewa ulivyopanda na kasoro zilizoandikwa. Miaka miwili au mitatu isiyo na karatasi yoyote katika maisha ya gari la umri huo inasameheka. Kumi haisameheki kwa bei ya juu.

Hapa huja pingamizi ambalo lina nguvu sokoni kuliko yote, kwamba gari lililotembea kilomita chache halihitaji maswali mengi, kwa sababu halikutumika. Naliona ni kosa linalowagharimu watu fedha nyingi. Kwanza, kilomita chache zisizo na karatasi ni madai tu. Odomita hurudishwa nyuma, na dashibodi nzima hubadilishwa. Ushahidi wa kweli hutafutwa kwingine: uchakavu wa pedali ya klachi, usukani ulivyolainika, ukingo wa kiti cha dereva, na tairi. Kila tairi ina namba nne zilizogongwa ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa. Tairi za miaka minne iliyopita kwenye gari linalodaiwa kutotembea kabisa ni swali linalodai jibu. Pili, hata kilomita zikiwa za kweli, gari linalosimama huzeeka kwa namna yake. Mkanda wa taimingi hukauka, sili za injini na gia boksi hukakamaa na kuanza kuvuja zikipata moto, petroli ya zamani huganda kwenye injekta, kutu hukaa ndani ya tanki na kwenye breki. Gari lenye kilomita 90,000 na risiti za kila huduma linaeleweka. Lenye kilomita 9,000 na ukimya wa miaka ishirini linahitaji fundi alifungue kwanza, na gharama hiyo iondolewe kwenye bei kabla ya makubaliano.

Wapo wanaopinga kutoka upande mwingine kabisa. Gari ni la kuendesha, wanasema, na Impreza STi Type R ya milango miwili, ikiongezwa injini nzuri na shokapu nzuri, itakupa karibu raha yote ya 22B kwa sehemu ndogo ya fedha. Nakubaliana nao. Anayetaka raha ya barabarani na anunue hiyo Type R, aitengeneze apendavyo, wala asione kwamba amekosa kitu. Pingamizi lao linaunga mkono hoja yangu: kama raha ya kuendesha inapatikana kwa bei ndogo, basi tofauti yote ya bei kati ya magari hayo mawili ni malipo ya uhalisi, na uhalisi usiothibitika hauna sababu ya kulipiwa. Hoja hiyohiyo inajibu wanaosifia maboresho. Turbo kubwa na kompyuta iliyopangwa upya huenda vikaongeza kasi kweli, lakini gari la namna hii halikununuliwa kwa kasi peke yake. Muuzaji aliyelibadilisha huku akihifadhi kila kipuri cha asili kwenye maboksi hajaharibu kitu. Aliyevitupa amevipoteza pengine moja kwa moja, kwa sababu vipuri vya magari 424 havikai dukani.

Halafu kuna wanaonunua kama kitega uchumi. Ni kweli bei za magari ya Japani ya miaka ya 1990 zimepanda sana, na sababu moja kubwa ni sheria ya Marekani inayoruhusu gari lililotimiza miaka 25 kuingia bila kukidhi viwango vya usalama vya huko. Mwaka 2023 ilikuwa zamu ya magari ya 1998, na 22B ikapata soko jipya lenye fedha nyingi. Lakini mlango huo umeshafunguliwa na hautafunguliwa mara ya pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bei za magari ya fahari ziliporomoka baada ya kupanda kwa miaka kadhaa, na walionunua kwa mkopo wakaumia zaidi. Mwenye kutaka faida ni lazima aondoe kwanza gharama za kuhifadhi, huduma, bima na kamisheni ya dalali au mnada, kisha akumbuke kwamba soko linapokuwa baya, magari yenye historia iliyokamilika hupata wateja kwa bei iliyopungua, na yenye mashaka hukosa mteja kabisa. Ndiyo sababu punguzo kubwa kwa gari lisilo na karatasi mara nyingi si nafuu: shaka iliyompa mnunuzi punguzo leo itamfuata siku atakapouza.

Kwa anayeishi Afrika Mashariki, hatua ya kwanza ni kujua kama gari linaweza kuingia au lilishaingia kihalali. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika likiwa limezidi miaka 8, hivyo gari la 1998 lililosajiliwa huko kwa njia ya kawaida liliingia likiwa bado changa, na tarehe ya usajili wake ni kitu cha kuangalia mapema kabisa. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza yaliyozidi miaka 15. Tanzania huyaruhusu, ila magari makuukuu hubeba ushuru wa ziada wa uchakavu juu ya kodi nyingine, na mnunuzi asipouhesabu mapema atajikuta gari limefika bandarini na fedha zimekwisha. Petroli nayo ni suala la kitaalamu linalopuuzwa: injini za turbo za Japani kama hii zilipangwa kwa petroli ya huko yenye oktani takriban 100, na vituo vyetu kwa kawaida huuza ya chini ya hapo. Injini inayolazimishwa kwa mafuta hafifu hugonga ndani kwa ndani, na pistoni za EJ22G si za kupata kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo wala Kirinyaga Road. Gari lililoishi hapa kwa miaka mingi liulizwe lilikuwa likinywa nini, na kama kompyuta yake ilipangwa upya kuendana na mafuta hayo.

Lipo jambo jingine ambalo wanunuzi hulikumbuka baada ya kulipa, nalo ni bima. Bima kubwa ya kawaida hulipa thamani ya soko ya gari siku ya hasara, na mthamini asiyelijua gari hili ataliandika kama Impreza ya 1998 iliyochakaa. Mwenye gari anahitaji bima ya thamani iliyokubaliwa, yaani kiasi ambacho pande zote mbili zimeshakiandika kwenye mkataba kabla ajali haijatokea, na kampuni haitakubali kiasi hicho kwa maneno matupu. Itataka picha ya namba ya chesisi, namba ya injini, karatasi ya mnada, risiti za huduma na ripoti ya mkaguzi huru, yaani yaleyale ambayo mnunuzi alipaswa kuyadai kwa muuzaji. Kwa hiyo busara ni kuipelekea kampuni ya bima jalada la gari kabla ya kulipa amana. Ikilikataa kwa sababu lina mapengo, muuzaji apewe nafasi ya kuyaziba, na akishindwa, mazungumzo ya bei yaanze upya kutoka kwenye bei ya Impreza ya kawaida.